Ndevu za Mdhamini

Kama hukusoma wiki iliyopita, umekosa aibu yangu tu, na aibu yenyewe bado haijaisha, kwa hiyo karibu.

Kwa ufupi: naitwa Corinne. Nilihamia Wexlow, mji mdogo wa Saskatchewan, kumfuata mume wangu Lyndon kwao. Klabu ya hoki ya watoto ilinichagua kuwa msimamizi wa wadhamini wakati nimetoka ukumbini kwenda kuleta kahawa. Ndivyo wanavyochaguana huku. Anayetoka nje ndiye anayeshinda.

Kila timu ya klabu ina mdhamini wake. Jina la mdhamini linashonwa mgongoni mwa jezi, bango lake linafungwa ukutani mwa uwanja wa barafu, na mwisho wa msimu anapewa picha ya timu ndani ya fremu aitundike dukani. Mimi, mtu wa mjini mwenye akili zangu, nikaona hapa hamna utaratibu. Mbona wadhamini ni wale wale, na timu ni zile zile, tangu enzi za babu zao? Nikaingiza majina yote kwenye kompyuta, nikaiacha ichanganye kwa haki.

Kompyuta ikatenda haki. Kampuni ya mazishi ikapata watoto wa miaka mitano, ambao huanguka kila wakijaribu kusimama, na sasa wanaanguka wakiwa wameandikwa mgongoni "Tupo Mtakapotuhitaji". Daktari wa meno, aliyezoea vijana wakubwa wanaopigana, akapewa timu ya wasichana wa chini ya miaka kumi na tatu. Akajitoa siku hiyo hiyo.

"Wasichana hawa wana adabu mno," aliniambia. "Hawatanipa kazi."

Na Mzee Wasyl wa Duka la Vifaa la Baran, aliyewadhamini watoto wa chini ya miaka tisa miaka nenda miaka rudi, akapewa waamuzi. Watoto wake wakaenda kwa Roxanne, dalali wa nyumba, shemeji yake mwenyekiti. Mzee akaja uwanjani na drili yake mwenyewe kufungua bango lake. Niliwaacha hapo wiki iliyopita: yeye juu ya ngazi anafungua skrubu, mimi chini nimemshikia ngazi.

Basi bango likashuka, likanipita karibu na sikio.

"Mzee, ungesema naachia," nikamwambia.

"Na wewe ungesema unamnyang'anya mtu timu yake," akanijibu. Akalitia bango kwapani, akatoka nje kwenye baridi bila kufunga koti.

Mwenyekiti wetu, Garth Ostby, alikuwa amesimama mlangoni anaangalia. Garth ni mkulima wa ngano, na sauti yake imezoea kushindana na trekta.

"Corinne!" akaita, ingawa nilikuwa hapo hapo. "Sasa una timu ngapi hazina mdhamini?"

"Waamuzi. Na wasichana."

"Waamuzi hawana haja, hao wanatukanwa bure. Wasichana je?"

"Natafuta."

"Tafuta upesi. Mashindano ya nyumbani yanaanza Jumamosi ya wiki ijayo. Unaujua utaratibu: timu yenye mgongo mtupu haiingii kwenye barafu. Na isipoingia, kamati inaivunja. Saa zao za barafu wanapewa vijana wakubwa."

"Na wasichana?"

"Waende Brandvold. Kule wanachukua mtu yeyote."

Brandvold ni mwendo wa saa nzima kwenye theluji, na wazazi wengi wasingeweza. Wasichana wangetawanyika. Binti yangu Maren ndiye kipa wa timu ile. Tulipohamia huku alikaa miezi akila chakula cha mchana shuleni peke yake, mpaka wasichana hao walipomwona anadaka mpira wa theluji kwa mkono mmoja. Ndio rafiki zake, hana wengine. Nami, mama yake, ndiye niliyewavunjia timu kwa kompyuta.

Sikulala vizuri, nitasema ukweli.

Asubuhi nikaenda Duka la Baran. Ukuta mzima nyuma ya kaunta ni picha za timu, watoto wa chini ya miaka tisa, mwaka kwa mwaka, bila meno ya mbele. Na pembeni ya kila picha amesimama Mzee Wasyl na ndevu zake. Katika picha za zamani ndevu ni nyeusi na zinafika kwenye kola. Katika mpya ni nyeupe na zinafika kwenye mkanda.

"Mzee Wasyl, nimekuja kuomba radhi."

"Ombea hapo hapo mlangoni. Viatu vyako vina theluji."

Nikaombea hapo hapo. Nilisema nimekosa, nilisema mimi mgeni, nilisema kompyuta. Akawa anapanga bawaba kwenye droo, hanitazami.

"Watoto wako siwezi kuwarudisha," nikamwambia. "Roxanne ameshashona majina. Lakini nina wasichana. Timu nzuri sana, Mzee."

Mkono wake ukasimama juu ya droo.

"Nzuri kivipi?"

"Wanashinda! Msimu huu hawajapoteza mchezo hata mmoja. Kila mtu anasema kombe la nyumbani ni lao."

"Wanashinda," akarudia.

"Sana!"

"Sitaki."

"Mzee?"

"Nimesema sitaki. Toka, unaniingizia baridi."

Nikatoka nimeduwaa. Nimewahi kuona watu wakikataa timu mbovu. Anayekataa timu nzuri kwa sababu ni nzuri sikuwahi kumwona.

Nilikuwa nafungua mlango wa gari niliposikia mtu ananiita kutoka uchochoro wa nyuma.

"Wewe, mwanamke wa kompyuta! Njoo huku."

Alikuwa Mama Stefka, mke wa Mzee Wasyl. Mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, mikono imejaa unga. Akanivuta ndani ya stoo, katikati ya makoleo ya theluji.

"Umeolewa?" akaniuliza.

"Nimeolewa."

"Mumeo ana kidevu?"

Ilibidi nifikirie. "Anacho."

"Una bahati. Cha wangu nilikiona mara ya mwisho mtoto wetu wa kwanza akiwa hajaota meno."

Akanieleza. Mwaka ule watoto wa chini ya miaka tisa walifungwa fainali kwa goli moja, tena la kujifunga wenyewe. Mzee Wasyl, wakati huo kijana, akasimama jukwaani, amelewa kidogo, akaapa mbele ya watu kwamba hatanyoa mpaka timu yenye jina la Baran mgongoni ibebe kombe la mashindano ya nyumbani. Mji mzima ulisikia. Padri alisikia.

"Kumbe ndiyo maana anawang'ang'ania wale watoto," nikasema. Moyo uliniuma. "Anasubiri washinde."

Mama Stefka akacheka mpaka akashikilia koleo.

"Washinde? Mwanangu, wale wanafundishwa na Garth!"

"Sasa?"

"Sasa ndiyo hivyo! Yule hataki kombe, anataka ndevu. Kila Desemba yeye ndiye Baba Krismasi wa mji huu. Watu wanatoka Brandvold kuja kupiga naye picha, na wakiondoka wanaondoka na koleo. Anazichana kuliko nilivyowahi kuwachana binti zangu. Amejificha kwa timu isiyoshinda maisha yake yote, na watu wanamwita mvumilivu."

Nikakumbuka ule mkono uliosimama juu ya droo, nikaelewa kila kitu.

"Mjukuu wetu anaolewa mwezi wa sita," akaendelea, na sauti ikashuka. "Nataka picha moja, moja tu, yenye uso wa mume wangu. Washonee wasichana wako jina la Baran."

"Mama Stefka, Mzee amekataa. Nitakuwa nimeiba jina."

"Jina la nani? Mume wangu anaitwa Wasyl Hrynkiw. Umeona Hrynkiw mahali popote hapa dukani? Baran ni baba yangu. Huyo Wasyl aliingia humu kununua misumari, akanikuta mimi kaunta. Duka ni langu, misumari ni yangu, na jina ni langu."

Ningeweza kumbusu, unga na yote.

"Ila asijue mpaka siku yenyewe," akasema. "Akijua mapema atanibembeleza, na mimi yule akinibembeleza nalegea. Siku ya ufunguzi nitatembea mwenyewe kwenye zulia. Mpaka hapo, ukiulizwa, hukuniona."

"Sikukuona."

"Apa."

"Naapa," nikasema. Niliapa bila hata kushusha pumzi. Kumbuka hilo, maana mimi nililisahau haraka.

Jioni ile kina mama walikuja kwangu na sindano, tukashona mpaka vidole vikavimba. Maren akaivaa jezi yake, akajigeuza mbele ya kioo kujaribu kusoma mgongo wake mwenyewe.

"Kwa hiyo hatuendi Brandvold, Mama?"

"Hamwendi popote."

Akanikumbatia, kitu ambacho watoto wa umri wake hukifanya wakijisahau. Nilifurahi kupita kiasi. Wiki hizi zote nimejifunza kuogopa furaha ya aina hiyo, lakini usiku ule sikuogopa.

Garth nilimwambia mdhamini amepatikana, jina atalisikia siku ya ufunguzi. Hakuuliza zaidi. Alikuwa anaandaa hotuba.

Sasa niwaeleze zulia. Siku ya kwanza ya mashindano ya nyumbani, zulia jekundu linatandikwa juu ya barafu. Timu ikitajwa, mdhamini wake anatembea juu yake mpaka katikati, anapewa kile kisahani cheusi cha mpira wanachokipigania wachezaji, anakidondosha, na mchezo unaanza. Asiyekuja kudondosha si mdhamini, hata kama jina lake limeandikwa mpaka kwenye soksi.

Mpango wa Mama Stefka ulikuwa safi. Yeye na kina mama wengine wangekuwa kwenye jiko la uwanja, wanauza pirohi, vile vimkate vya kuchemsha vyenye viazi ndani, mpaka zamu yetu ifike. Mzee angebaki dukani. Alishasema hatakanyaga uwanjani mpaka mimi niondoke kwenye kazi hii.

Alifikiria kila kitu isipokuwa chakula cha mchana. Pirohi zote alizichukua yeye, nyumbani hakuacha hata mkate. Saa saba Mzee Wasyl akasikia njaa.

Nilimwona akiingia wakati Garth ameshashika kipaza sauti. Alikuwa na sahani ya pirohi mkononi na krimu kwenye ndevu, anatafuta pa kukaa.

"Na sasa," Garth akanguruma, "wasichana wetu, watakaofungua dimba na Brandvold! Mashindano haya ni ya mtoano, wapendwa, anayefungwa anakwenda nyumbani! Wasichana wanadhaminiwa mwaka huu na..."

Wasichana wakateleza kuingia, wakageuka nyuma kama tulivyowafundisha. Garth akasoma migongo yao.

"...na Duka la Vifaa la Baran?"

Uwanja ukapiga makofi. Mzee Wasyl hakupiga. Aliiweka sahani yake juu ya kiti, taratibu, akashuka ngazi, akapanda zulia, akatembea mpaka katikati. Akakichukua kisahani mkononi mwa Garth. Nikafikiri labda Mungu amenihurumia.

Akakitia mfukoni mwa koti.

"Sijatoa ruhusa," akasema kwenye kipaza sauti.

Garth akanigeukia. "Corinne?"

"Naweza kueleza," nikasema, nikiwa sijui naeleza nini.

"Utaratibu ni utaratibu," akasema Garth. "Kama mdhamini anakana, timu haina mdhamini. Wasichana, tokeni kwenye barafu."

"Ngoja," akasema Mzee Wasyl. "Kwanza huyu mama aje hapa. Aseme mbele ya watu. Nani amempa jina la Baran?"

Nilitembea juu ya zulia lile, na halikuwahi kuwa refu hivyo. Dirisha la jikoni liko juu ya ukuta wa upande, na Mama Stefka alikuwa amesimama hapo na upawa mkononi. Akanitazama, akatikisa kichwa. Hapana.

Kisha nikamtazama Maren. Alikuwa ameinua kinyago chake cha kipa, machozi yanamlenga, na wenzake walikuwa wamemzunguka wameshikana jezi.

Niliapa, najua. Niliapa kati ya makoleo, kwa mdomo huu huu.

"Mama Stefka!" nikasema. Tena kwenye kipaza sauti. Tena nikamwonyesha kwa kidole.

Watu wote wakageuka kwenye dirisha la jikoni.

"Asante sana, mwanangu," Mama Stefka akasema kutoka kule juu. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Stefka?" akaita Mzee Wasyl. "Ni wewe?"

"Ni mimi! Na duka ni la baba yangu!"

"Unajua wasichana hawa wanashinda?"

"Kwani unadhani nimewachagua kwa kuimba? Mjukuu anaolewa mwezi wa sita! Nimechoka kubusu ufagio!"

Uwanja ukaangua kicheko. Mtu mmoja jukwaani akapiga kelele, "Mnyoe, Mama!" Hata waamuzi walicheka, nao hawana mdhamini.

Mzee Wasyl alikuwa amezishika ndevu kwa mikono miwili. Aliwasubiri wanyamaze.

"Zinakuchukiza kiasi hicho?" akamwuliza mkewe.

Mama Stefka akashusha upawa.

"Hazinichukizi," akasema. "Nimekukumbuka tu."

Hapo hakucheka mtu. Mimi, niliyetoka kumsaliti mwanamke huyu sasa hivi, nilisikia machozi yananiganda kwenye mashavu, maana uwanjani kulikuwa na baridi.

Mzee Wasyl akaifuta krimu kwenye ndevu kwa mgongo wa mkono. Akakohoa. Akakitoa kisahani mfukoni.

"Haya," akasema.

"Haya nini?" Garth akauliza. "Ndiyo au hapana? Watu wanataka mchezo."

"Jina ni la mke wangu. Akisema wacheze, wacheze."

Wasichana wakapiga mayowe. Maren akarusha gongo lake juu likamwangukia mwenzake. Nami nikaanza kuondoka kimya kimya juu ya zulia, kama mtu aliyepona ajali.

"Lakini," akasema Mzee Wasyl.

Nikasimama.

"Kiapo changu nimekibeba peke yangu miaka yote hii. Safari hii tunabeba wawili. Wasichana wakichukua kombe, nanyoa hapa hapa, Stefka ashike wembe. Wasipochukua, ndevu zinabaki, na huyu mama anabaki na kazi yake ya wadhamini mpaka siku watakapochukua."

"Mzee wangu," nikasema, "muda wangu unaisha mwezi wa nne..."

"Hilo ni pendekezo!" akadakia Garth, uso umemng'aa. Tangu nimfahamu sijamwona akifanya jambo haraka namna ile. "Nani anaunga mkono?"

Niliangalia jukwaani. Ilikuwa mikono kila mahali. Daktari wa meno alinyoosha mkono. Mwenye kampuni ya mazishi alinyoosha mkono. Roxanne alinyoosha miwili. Na katikati yao, kofia yake ikiwa magotini, mume wangu Lyndon alinyoosha mkono.

"Lyndon!" nikamwita.

"Hakuna mwingine anayetaka, mpenzi," akanijibu.

"Imepita," akasema Garth.

Mzee Wasyl akakidondosha kisahani. Zulia likavutwa, akarudi kukaa na pirohi zake. Mwamuzi akapuliza filimbi.

Brandvold ndio waliokiwahi kisahani. Mchezaji wao mmoja, mrefu kuliko mama yake, akampita wa kwetu, akampita wa pili. Maren alikuwa bado anafuta machozi chini ya kinyago. Watu walikuwa hawajakaa vizuri kwenye viti, tukafungwa.

Uwanja mzima wa nyumbani ukanyamaza. Katika ule ukimya nikasikia mtu mmoja tu anapiga makofi, juu kabisa, karibu na dirisha la jikoni. Nikainua macho. Alikuwa mdhamini wetu, na ndevu zake.